Kigae Chenye Tundu

Jumamosi. Mvua imenyesha tangu asubuhi na mtaa wetu wa Jang'ombe umejaa madimbwi, lakini moyo wangu mweupe, alhamdulillahi.

Juzi darasa letu la historia lilikwenda kuangalia vitu vilivyochimbwa kwenye mji wa kale, kusini mwa kisiwa chetu. Mimi nilivutiwa na kigae cha chungu kilichochongwa duara kama biskuti, na tundu katikati. Kwenye bango la kundi letu nikaandika: "Uzito wa nyavu za wavuvi." Sikumuuliza mtu. Wenzangu wote wakakubali.

Mwalimu wetu, Bi Zuhura, alisoma, kisha akanitazama.

"Kila kitu unawapa wanaume, mwanangu?"

Akaeleza kuwa vigae vya namna ile vilitumika kusokotea uzi wa pamba, na huenda waliosokota ni wanawake. Hakunigombeza. Alinipa mpaka Jumatatu niwashawishi wenzangu kwamba kigae kile kilikuwa cha kusokotea uzi. Nikishindwa, sehemu ya bango inayohusu kazi za wanawake itabaki tupu.

Mimi, msichana, ndiye niliyewasahau.

Leo nilimwomba msaada bibi yangu, aliyekulia shamba akisokota kamba za makumbi ya nazi. Tulichukua kigae cha chungu kilichovunjika, tukakisugua kwenye ngazi mpaka kikawa duara, tukakitoboa kwa msumari na kukichomekea kijiti. Pamba nilinunua duka la dawa.

Uzi ukakatika. Ukakatika tena.

"Usiuvute kama unavuta mbuzi!" bibi alicheka.

"Bibi, vidole vinaniuma."

"Kwenye simu mbona haviumi?"

Akanishika mkono, akanionyesha jinsi ya kuiachia pamba kidogo kidogo huku kijiti kikizunguka. Mpaka alasiri tulikuwa na uzi wa shubiri tatu, wenye mafundo.

Shubiri tatu! Nguo moja iliwachukua wanawake wale siku ngapi? Na bado chakula kiliwangoja, na watoto, na maji ya kisimani. Majina yao sitayajua, lakini leo nimejua kidogo uchovu wao.

Nashukuru kwa mwalimu ambaye hakunifutia kosa langu. Nashukuru kwa mikono ya bibi, ambayo nimeiona kila siku bila kuiuliza kitu.

Jumatatu nitaanza kwa kusema nilikosea. Na yeyote atakayebisha, nitampa kijiti na pamba, nikae nimtazame akisokota.