Nimemwambia mteja kwamba marehemu mume wangu amesafiri

Dada Angelina, shikamoo kama umenizidi umri, na kama sivyo pokea salamu za mwenzio wa Nkuhungu, hapa Dodoma, ninayekuandikia kwa sababu jambo hili nimeshindwa kulisema hata kwa mama yangu mzazi.

Mume wangu Munir alikuwa wakili, alifariki mwaka jana kwa maradhi ya moyo, na nikisema alikuwa baba wa nyumba yake sisemi kwa kuwa marehemu hasemwi vibaya, nasema kwa sababu mwanamume huyu alikuwa akienda kwenye kesi Kondoa asubuhi na jioni amerudi, wenzake wakimwambia alale huko wamalizie kesho anawajibu, "Wanangu hawalali bila kuniona," na akifika anakunja mikono ya shati, anawakagulia daftari za hesabu, kisha anatueleza kesi ya siku hiyo bila kutaja majina, na binti yetu mdogo Salwa ndiye hakimu, Munir anasimama katikati ya sebule, "Mheshimiwa, naomba niongezewe muda," Salwa anamnyima, tunacheka wote, na sasa, dada, sebule ile ina ukimya ambao hata televisheni haiuondoi.

Nilipotoka eda nilichukua ufunguo wa ofisi yake nikawa naenda kila siku watoto wakishakwenda shule, nafagia, nafuta meza, nakaa kwenye kiti chake, na siku moja akapiga hodi mama mmoja mjane wa Makutupora, Mama Dorothea, ambaye shemeji zake wanataka kumnyang'anya shamba la zabibu aliloachiwa na mumewe na Munir ndiye aliyekuwa akimtetea, akaniuliza, "Wakili yupo, mwanangu?" nami nikafungua kinywa niseme amefariki, yakatoka mengine: "Amesafiri, mama. Atarudi."

Wallahi sikupanga. Lakini aliketi akaanza kunisimulia jinsi Munir alivyomfuata shambani, akakaa chini akala naye ugali wa uwele, na jinsi alivyokuwa hamalizi maneno mawili bila kuwataja wanawe, nikajisikia kama kweli yuko njiani, nikatamani mama huyu aje tena, na amekuja tena, na mara ya mwisho ameleta zabibu nimpe Munir akirudi, nami nikazipokea.

Kesi yake inasikilizwa mwezi ujao. Wakili Fabian, aliyefanya kazi na Munir, amezichukua kesi nyingine zote, ila mama huyu simu yake haipatikani na faili lake limo ndani ya ofisi, Fabian ananiomba ufunguo, kila siku namwambia kesho. Naona nikiutoa nitakuwa nimemzika Munir mara ya pili. Nifanyeje?

Sabiha, Nkuhungu

Sabiha mwenzangu, pole sana. Nilikupigia simu siku ileile niliyosoma barua yako, na sikuichapa mpaka ulipofanya nilichokuomba, maana haifai mtu kupata habari ya msiba gazetini. Sasa na wasomaji wasikie tuliyoongea.

Kumtamani mumeo si dhambi. Mtu aliyekuwa akirudi na barabara ya Kondoa kila jioni kwa ajili ya wanawe hasahauliki kwa sababu eda imekwisha. Hapo niko upande wako. Lakini nilikugombeza kwenye simu na nakugombeza tena hapa: ulikuwa umekalia haki ya mjane mwenzako. Wewe unapata mtu wa kukusimulia habari za Munir, yeye anajiandaa kwenda baraza la ardhi akimtegemea marehemu. Shemeji zake wangemfurahia sana wakili wa namna hiyo. Wewe uliyeishi na Munir, niambie, angelivumilia hilo hata siku moja?

Ulikwenda Makutupora pamoja na Fabian, na kwa hilo nakupongeza. Umeniambia Mama Dorothea alipousikia ukweli aliuliza, "Na watoto wanaendeleaje?" Mkalia wote wawili pale nje, majirani wakiwaangalia. Hakukutukana. Angekutukana, ingekubidi uinamishe kichwa usikilize.

Ufunguo umeshampa Fabian, usiudai tena. Hukumzika Munir mara ya pili. Kazi yake umeiweka mikononi mwa mtu anayeiweza.

Kisha mwalike Mama Dorothea kwako Jumapili moja, akitoka kanisani. Mpikie. Akianza kusimulia habari za shambani, Salwa na nduguze wawepo wasikie, maana nao wana njaa ya baba yao, na wewe kwa muda wote huo ulikuwa unakula peke yako. Akikuuliza jambo kuhusu Munir, jibu kwa "alikuwa". Litakuwa gumu. Liseme hivyohivyo.

Na siku ya kesi uende. Sheria hukusoma na hutaulizwa neno, kazi hiyo ni ya Fabian. Kaa nyuma ya Mama Dorothea tangu mwanzo hadi mwisho, ili kila akigeuka aone kuna mtu wa nyumba ya Munir aliyekuja kwa ajili yake.