Cache-nez ya Mama

Butembo, 24 Agosti 2020

Roger mudogo wangu wa Beni,

Tulipoteza mama tarehe tisa ya mwezi wa saba. Pa kilio ulisema mbele ya batu, "Corona ni politiki, cache-nez, ile barakoa, ni ya kuziba batu kinywa." Lakini mimi nilimufunga mama yake, niliyoshona na kitenge chake na uzi mwekundu. Wewe ndiye ulibaki peke yako kufunga sanduku ya maiti.

Jana soko ya Bulengera ilifunguliwa tena. Mwanamuke mumoja akasimama mbele ya mizani yangu na cache-nez ile ile.

"Mama, nani alikushonea?"

Kitambaa hakikutikisika na pumzi. Akaonyesha viazi, akaonyesha vidole vitano, akaenda bila kubeba kitu. Jirani wa meza anasema atarudi kuvibeba siku ya posho, Jumamosi.

Uliitoa mu sanduku? Kama ndiyo, nitamunyanganya. Kama hapana, sijui nitapimia nani kilo tano. Nijibu mbele ya posho asubui.

Yaya yako, dada mukubwa,
Katungu