Mama Pembeni ya Picha

Jumamosi, 6 Septemba

Tumefika! Miguu imevimba, masikio bado yameziba tangu kwenye ndege, lakini tumefika. Hoteli iko ukingoni kabisa mwa ziwa. Milima nayo ipo, tumeambiwa. Kiongozi wa msafara ametuonyesha kwa kijibendera chake: kule, nyuma ya mawingu. Mimi nimeona mawingu.

Bado siamini kuwa hii ni kazi. Mimi, wa picha za pasipoti na harusi za mtaani! Kampuni ya utalii imenichukua nilipige picha kundi zima, wapate za kutangazia safari zao. Chumba wakanipa cha vitanda viwili, wakasema njoo na mtu. Nikaja na Mama. Rafiki zangu walinicheka — msichana mzima, safari kama hii, unaongozana na mama yako? Ndiyo. Amenisomesha kwa cherehani na hajawahi kuvuka mpaka wowote. Ningemleta nani mwingine?

Halafu tukirudi anahamia kwa Kaka. Limeshaamuliwa hilo. Kaka ndiye kifungua mimba, ana nyumba kubwa, anasema Mama amekula chumvi ya kutosha, sasa apumzike. Mama alipoambiwa alijibu tu, "Sawa, mwanangu," akaendelea kupiga pasi.

Sasa hivi ameinama dirishani. Nilidhani anatazama ziwa. Kumbe anakagua pindo la pazia. "Wameshona ovyo," kasema. Hoteli yote hii na uzuri wake, Mama ameona pindo!

Jumapili, 7 Septemba

Mlima umetoka! Asubuhi nimefungua pazia — huo hapo, mkubwa, mweupe kichwani, kama umesogea usiku. Nimetoka nje na kamera bila viatu.

Baadaye tukapelekwa kupanda juu. Unaingia kwenye kibanda cha vioo, kinaning'inia kwenye waya, kinakupeleka huko. Mama kuona vile, akagoma. Akakumbatia nguzo pale mlangoni, akasema nyie nendeni, mimi nitawasubiri hapa hapa na akili zangu. Nikambembeleza, wapi! Foleni nyuma yetu inaanza kuguna.

Ndipo mzee mmoja akasogea. Mwembamba, kofia ya sufu, sauti ya chini. Kundini wanamwita Fundi Saa, maana ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote mpaka alipostaafu. Ni mgane. Watoto wake ndio waliomsukuma aje, atoke nyumbani aone watu. Akamwambia Mama, "Dada, na mimi naogopa vilevile. Tuingie tuogope wawili, angalau kelele zitakuwa na maana."

Mama akamtazama juu mpaka chini. Akaachia nguzo.

Mimi nilikaa mbele, napiga picha msitu unavyodidimia chini yetu. Mara nasikia kicheko. Kinaanzia tumboni, kinapanda, kinakatikia puani. Nikageuka nione ni nani huyo. Mama! Macho ameyafumba, kashikilia kiti kwa mikono miwili, na anacheka! Tangu Baba afariki sijakisikia kicheko kile. Nilikuwa nimeshakisahau — na hilo ndilo lililoniuma.

Nilipoinua kamera kilikuwa kimekwisha.

Jumatatu, 8 Septemba

Mvua kutwa. Hakuna aliyetoka. Kundi zima tumejazana ukumbini, chai baada ya chai.

Tuna wanandoa wapya kundini, kila mtu anawaita Bwana Harusi na Bibi Harusi, nao wanaitika. Koti la Bibi Harusi lilinasa kwenye kitasa, likachanika mkono. Alikuwa karibu kulia. Mama akafungua mkoba — nyuzi, sindano, mkasi mdogo, vyote vimevuka bahari! — akasema leta hapa. Tatizo likawa kutunga uzi. Akajaribu, akalamba ncha, akajaribu tena. Nikataka kunyanyuka, nikachelewa. Fundi Saa alishatoa kile kioo cha mafundi saa cha kubana jichoni, akatunga uzi mara moja, akamrudishia sindano bila neno.

Toka hapo gumzo halikukatika. Mama alitaka kujua saa ikiugua unaijuaje. Akaambiwa unaisikiliza tu, mapigo yake hubadilika. Mama akasema cherehani ni hivyo hivyo, inanguruma kabla haijaharibika. Sasa yule mzee anamwita "fundi mwenzangu". Mama anajitia hamnazo, lakini nimeona alivyonyoosha mgongo.

Nikainua kamera. Mkono wa Mama ukaja usoni palepale, kama kawaida yake. "Niache! Uso wangu umepigwa na jua, umepigwa na baridi, na wewe unataka kuupiga?"

Watu hawana mbavu. Mimi pia nilicheka. Ila nina picha za mama za watu kabati zima, na wa kwangu nina viganja tu.

Jumanne, 9 Septemba

Siku nzima basini, ziwa hili, ziwa lile. Rangi ya maji sijui hata niiandike vipi. Si bluu, si kijani. Mama kasema ni rangi ya kitambaa fulani cha satini kilichowahi kumshinda kushona.

Jioni nimekaa kuchambua picha kwenye kompyuta. Mlima, watu mbele. Daraja, watu mbele. Halafu nikaanza kuona. Pembeni ya kila picha, sehemu ambayo sikuwa naitazama: Mama na Fundi Saa. Kwenye benchi. Wanagawana chungwa. Mzee anamshikia Mama mwavuli, yeye mwenyewe bega limelowa. Picha moja Mama anaongea, mikono yote hewani, na mzee amemtulizia macho hivi — utadhani anasikiliza saa.

Nitasemaje? Wivu. Tena si wangu, kama vile nimeubeba kwa niaba ya Baba. Kidole kilikuwa kwenye kitufe cha kufuta. Nikakitoa. Nikatoka nje kupunga upepo.

Huko nje Kaka akapiga simu. Hupiga kila jioni: Mama amekula? Amemeza dawa? Hapati baridi? Akataka picha za Mama. Nikamtumia mlima. Halafu akashusha sauti, kwa furaha kabisa. Chumba kimekwisha, kimepakwa rangi. Na vitu vya Mama ameanza kuvihamisha. Ile cherehani kongwe amempa binti wa jirani yake, anayejifunza kushona. Mama akija akute TV mahali pake. "Usimwambie sasa, mdogo wangu. Iwe surprise."



Jumatano, 10 Septemba

Nimemwambia. Nilishindwa kukaa nalo.

Tulikuwa kwenye njia ya kuzunguka ziwa, wenzetu wametangulia. Nilimwambia yote kwa mkupuo, chumba, rangi, cherehani, binti wa jirani. Mama hakusimama. Aliendelea kutembea, mikono nyuma, mpaka nikadhani hakusikia.

Kisha akauliza polepole, "Nani aliwaambia nimechoka?"



Akasema Kaka alipoleta habari ile alikuwa na furaha sana, furaha ya mtoto aliyeleta zawadi, na yeye akaona amkatize vipi. Kwa hiyo akasema sawa. Alidhani sawa ile ni ya kuhama nyumba. "Sikujua na mikono yangu imo."

Mikono! Niliitazama. Kidole cha shahada kina alama za sindano mpaka leo.

Nilitaka kulia, yeye hakulia. Mchana hakula. Alikwenda kukaa peke yake kwenye kigati cha mbao, ameligeuzia kundi zima mgongo. Mtandio ukipepea, hata kuushika hakuushika.

Fundi Saa alimwona. Hakumfuata. Alinijia mimi kwanza, kofia mkononi. Nikamwamkia, akaitika, akabaki amesimama kama mtu aliyeitwa ofisini. Halafu akasema, "Binti yangu, mama yako ana jambo, na sitaki kujua ni lipi. Nauliza tu. Nikienda kukaa naye pale, nitakuwa nimekosa adabu?"

Mimi ndiye ninayeombwa ruhusa! Mzee huyu anaweza kunizaa. Baba akanijia kichwani, uso wake, alivyokuwa akipuliza chai. Nikajua nikisema neno moja tu, mzee huyu atainamisha kichwa na kurudi zake, na hatasogea tena.

Nikasema, "Chai yake hapendi iwe ya moto sana, Mzee. Na sukari iwe kidogo."

Alinitazama kidogo. Akaenda kuchukua vikombe viwili.

Sikupiga picha. Kazi yangu ni kupiga picha, na ile ndiyo nzuri kuliko zote za safari hii, na sikuipiga. Niliwageuzia mgongo nikapiga bata.

Alhamisi, 11 Septemba

Leo Mama kaniamsha yeye. Ameshavaa. "Chukua mashine yako hiyo. Nataka picha."

Nilidhani naota.

Tukashuka ziwani. Akakaa juu ya jiwe, magoti pamoja, mikono juu ya magoti, shingo imekaza. Pasipoti kabisa! Nikamwambia Mama, legea. "Ndiyo nimelegea hivi." Mama, pumua. "Napumua, piga!" Nikapiga kadhaa, zote kama mtu anayesubiri hukumu.

Fundi Saa alikuwa anapita na mswaki mdomoni. Alipotuona akataka kurudi nyuma haraka, akateleza kwenye majani, akakaa chini pwaa! Mswaki bado mdomoni. Mama akapasuka. Kile kicheko chenyewe, kichwa nyuma, mikono imesahau kufunika chochote.

Nimeipata. Nimeipata! Nimeiangalia leo yote. Ni mwanamke tu anayecheka, si mama wa mtu. Nilikuwa sijawahi kumwona huyo.

Mzee hakuumia, ila suruali imefumuka. Mama anaishona hivi sasa, anamsema: mtu mzima, hujui majani yana umande? Naye anaitikia, "Kweli, fundi. Kweli."

Ijumaa, 12 Septemba

Naandikia kwenye boti, herufi zinaruka. Ndiyo siku ya mwisho. Kesho ndege. Boti hili linatuvusha ng'ambo, basi linatusubiri gatini. Mama na Fundi Saa wameketi benchi la mbele yangu. Hawasemi sana leo.

Asubuhi nilimuuliza Mama, na Mzee je? Kasema, "Usinitangulie, mwanangu. Kwanza cherehani."

Sasa amechukua simu yangu. Anampigia Kaka! Kaka alivyo, kwenye simu utafikiri anahutubia. Nasikia kila kitu. Salamu. Wajukuu hawajambo. Mvua huko imenyesha. Mama anamwacha amalize, kisha anamwambia, kwa upole ule ule wa siku zote: amwombe radhi binti wa jirani, cherehani irudi. Irudi nyumbani, si kwenye chumba kipya. Chumba ni kizuri, Mungu akubariki, nitakuja kulala siku nikiwakumbuka wajukuu. Lakini mimi bado nafanya kazi.

Kaka kauliza: "Mama, kuna mtu amekuudhi huko?"

"Hakuna. Nimepumzika. Si ndivyo ulivyotaka?"

Hapo Fundi Saa kaguna kwa kicheko. Kajizuia, amechelewa.

Kaka kasikia. "Nani huyo? Mama, uko na nani?"

Boti limepunguza mwendo. Kiongozi ameinua kijibendera, anatuambia tusisahau mizigo. Watu wanasimama, Bwana Harusi ananikanyaga, anaomba radhi. Mama amefunika simu kwa kiganja. Amemgeukia mzee, amemtazama usoni waziwazi, mbele yangu, mbele ya kila mtu.

"Mwanangu anauliza wewe ni nani. Nimjibu nini?"

Yule mzee amevua kofia, anaizungusha mkononi. Kwenye simu Kaka anaita, Mama, haloo, Mama! Tumegusa gati. Wenzetu wanashuka, kiongozi ananipungia mkono niwaharakishe hao wawili.

Siwaharakishi. Nimekaa.