Kwa nini mama hakupanda baiskeli nyuma yako

Shemeji Kengele,

Hujambo huko machimboni? Sisi wazima, na mama mzima kuliko sisi wote. Nakuambia hilo mwanzoni kabisa ili usisome barua hii huku umeshika moyo. Anapalilia mchicha, anagombana na mbuzi wa jirani. Hajambo.

Barua imekuja bila gundi, umeona. Dereva wa lori akitaka kuisoma, asome. Wenzako wa shimoni wakitaka, wasome. Siyo kwamba gundi imekosekana. Mama mwenyewe kasema nisiibandike, na mimi nilivyosikia hivyo nilidhani ana homa. Ukifika mwisho utaelewa.

Nianze na kengele, maana ndiyo jina nililokupa. Ukifika tu pale kwenye kichuguu, mbali na nyumba, ulikuwa unaanza kuipiga. Mama anaacha chungu, anaacha ungo, anaacha maneno katikati, anaingia ndani. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani, na ulisema kwenu Warundi mambo ni hayo hayo. Wakwe wa watu wengine wanakuja kimya kama paka, wanamkuta mama wa watu kanga imelegea. Wewe hapana. Mama akishajificha nyuma ya mlango alikuwa anasema, "Huyu kijana kalelewa." Hukuwahi kusikia, maana hukutakiwa usikie. Nyumba yetu iko hivyo, maneno ya maana yote yanasemwa nyuma ya mlango.

Na kuna jingine hujawahi kuambiwa. Siku wajomba walipokuja kukaa kikao juu yako na dada Leonida, mmoja akauliza, "Mtoto wetu tunampa mkimbizi?" Wewe, uliyezaliwa hapa hapa, ukanyonya hapa hapa. Mama alijibu akiwa jikoni, "Anakimbia nini? Jembe? Mbona shamba lake la mahindi nimeliona." Wajomba wakaomba maji ya kunywa. Ndivyo ulivyooa, shemeji. Sijui kama Leonida alikuambia.

Mimi na wewe hatuna kujificha, sisi watani. Uliniita muramu, shemeji kwa Kirundi, na mimi nikaitika. Ulipokuwa unakula ugali na dada, mimi nilikuwa nachukua baiskeli yako, napitisha mguu chini ya mtalimbo, naenda kuangukia kwenye karanga. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifundisha mwenyewe kama nilivyojifundisha mambo ya dunia kwenye magazeti ya kufungia sukari. Halafu siku moja nikakuta kiti kimeshushwa, miguu yangu inafika. Wewe ukasema, "Muramu, baiskeli yangu naona imefupika siku hizi."

"Labda imechoka, shemeji."

"Ego, ndiyo, imechoka. Imechoka kubeba majani ya karanga kwenye mnyororo."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sasa sikia yale yasiyo ya kuchekesha.

Mama alipokwenda hospitali ya mjini uliambiwa ni tumbo. Wanaume wote wanaambiwa tumbo. Ukweli alikuwa na uvimbe kwenye kizazi, damu inatoka haikatiki, akawa anashika kuta akitembea. Daktari akatoa kizazi chote. Kumbe kizazi kilikuwa kimegandana na kibofu, na wakati wa kuvitenganisha kibofu kikachoka. Inabidi kipumzike. Kwa hiyo wakamwekea mpira wa mkojo. Ni mrija mwembamba, unaingia pale pale mkojo unapotokea, mpaka ndani ya kibofu, halafu upande wa pili unashuka kwenye mfuko wa nailoni unaofungwa mguuni. Mkojo unajitokea wenyewe. Akaruhusiwa arudi nao huku nyumbani Litapunga, mpaka siku ya kwenda kutolewa.

Nesi alinifundisha mimi niliyekuwa nalala chini ya kitanda chake. Mfuko ukae chini ya kiuno siku zote. Mpira usikunjike. Uoshwe kwa sabuni. Na mama anywe maji, maji mengi. Mama alikuwa amelala pale, anasikia yote. Lakini yeye jambo lililomkaa kichwani ni moja tu, kwamba mkojo wake sasa uko nje. "Mtu mzima natembea na mkojo mkononi," aliniambia, "kama nimetoka kuuchota kisimani."

Nyumbani akawa anavaa vitenge viwili. Kanisani anakaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Maswali yake sasa, shemeji, yalikuwa hayaishi. "Njoo uninuse, nanuka?" Nanusa, hanuki. "Wakishautoa, kibofu kitaijua kazi yake au kitakuwa kimesahau?" Mimi najibu kama daktari, kitaijua mama, kibofu hakisahau. Nilikuwa sijui lolote, lakini nilijibu kwa nguvu.

Na wewe ukawa unakuja kila siku. Leo kuni, kesho miwa, kesho kutwa ndoo ya maji. Kila ukija, kengele kwenye kichuguu. Kila kengele, mama ainuke haraka na ule mfuko aingie ndani. Siku moja mfuko ukanasa kwenye kigoda, mpira ukavutika, akauma kanga asilie, maana wewe ulikuwa umeshafika uani. Ndipo akatunga dawa yake. Akaacha kunywa maji. Asipokunywa, mfuko haujai. Mfuko usipojaa, ukija atainuka mwepesi, mkavu, kama mama mkwe wa mtu. Maji niliyokuwa nampa alikuwa anayamwaga nyuma ya mtungi.

Mkojo ukawa kama chai ya rangi, ukawa mzito, halafu ukaziba mpira. Asubuhi ile aliamka amefurahi. "Unaona? Leo mfuko mkavu." Jua halijapanda sana, tumbo limekuwa ngoma, na mama analia bila sauti.

Leonida akakukimbilia. Ukaja mbio, na ndiyo siku pekee hukupiga kengele. Tulishtukia sauti yako mlangoni kabisa, "Mleteni mama, nimpeleke mjini." Na mama, bila hata kufikiri, akasema kwa sauti ambayo mpaka mbuzi walisikia, "Kwa yule sipandi. Heri nife hapa hapa."

Uliyoyasikia ni hayo. Nilikuona uso wako kwenye upenyo wa mlango. Nilijua katika maneno hayo umemsikia kila mtu aliyekuita mkimbizi tangu uko mdogo.

Sasa sikia na yaliyobaki ndani. Mama alinishika mkono kwa kucha, akasema chini chini, "Nikae nyuma ya mkwe wangu, nimshike kiuno, na mpira huu katikati ya miguu? Ukichomoka nikamlowanisha? Huyu anayenipigia kengele siku zote?" Halafu akaniapisha nisikuambie. Akasema ukijua, hataweza kuja hata kwenye msiba wako.

Nikatoka nikakuambia, nipe mimi baiskeli. Hukuuliza. Ukachomoa spana, ukashusha kiti, ukakaza, ukakibonyeza kwa kiganja uone kama kinacheza. Mtu ametukanwa muda huo huo, mate ya tusi hayajakauka, bado anashusha kiti. Ukasema, "Breki ya nyuma haishiki, tumia mguu." Ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu. Ukaenda zako kwa miguu, ukapita kichuguu, hukugeuka.

Tulikwenda. Mama kakaa upande kwenye keria, mfuko nimeutia kwenye kikapu nikakining'iniza chini, kama nesi alivyosema. Kwenye mchanga baiskeli ikayumba, mama akasema, "Ukiniangusha nitakufa na aibu kabla sijafa na mkojo." Milima nilisukuma. Tulipoingia Kawajense, mwanzo wa mji, wanawake waliacha kuchota maji wakatutazama, msichana anaendesha, mama mtu mzima nyuma, kikapu kinabembea. Mama akawa ananiuliza katikati ya maumivu yake yale, "Nani kakufundisha?"

"Hakuna."

"Muongo. Nilisikia kiti kinashushwa."

Hospitali nesi aliweka mpira mwingine. Mkojo ukatoka, mfuko ukajaa, mama akavuta pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Nesi hakumwonea huruma. "Mama, maji ndiyo yanasafisha mpira. Ukiyaacha, unauziba kwa mkono wako." Wakambakiza wodini. Wakaanza kuufunga mpira na kuufungua, wanaufunga na kuufungua, ili kibofu kikumbuke kushika na kuachia. Halafu siku ikafika wakautoa.

Akaambiwa anywe maji, asubiri. Akanywa. Akakaa kwenye beseni nyuma ya pazia. Hakuna kitu. Akarudi kitandani, akanywa tena, akarudi kwenye beseni. Nesi akamimina maji kutoka jagi moja kwenda jingine ili asikie yanavyolia. Hakuna kitu. Mama akanitazama. "Kimesahau," alisema. Shemeji, mimi ninayejibu kila kitu, hapo nilimjazia kikombe tu. Nesi alikuwa ameshasema, ikishindikana mpira unarudi.

Kitanda cha pili alikuwepo bibi mmoja wa Kifipa, naye kapasuliwa. Akasema kwa sauti, "We mama, mbona unajibana kama mkwe yuko mlangoni? Hayupo. Achia."

Mama akaanza kucheka. Alicheka akashika kidonda, huku analia, huku anamwambia bibi amnyamazie, na katikati ya kile kicheko tukasikia beseni. Tii, halafu kama mvua. Bibi akapiga kigelegele. Wa kitanda cha tatu akadakia. Wodi nzima, shemeji, wanawake wenye nyuzi tumboni, wanaupigia mkojo wa mama yangu vigelegele kama wameona bibi harusi. Mama kafunika uso na kanga, ndani ya kanga anacheka.

Njiani kurudi alikaa upande kwenye keria, kikapu kitupu mapajani. Halafu akasema, "Watu nisiowajua wameushangilia. Na mimi kwa huo huo mkojo nimemfukuza mtoto wa watu."

Tukafika, wewe umeshaondoka kwenda machimboni. Tukasema utarudi Jumapili. Jumapili zikapita, msimu ukapita. Halafu dereva wa lori akaleta maneno yako kwa Leonida, kwamba mtu aliyekataliwa na mama mkwe hana nyumba. Wajomba wameyashika hayo hayo. Wanasema dada anangoja nini, aolewe kwingine. Leonida yeye kila Jumamosi anapaka mnyororo wa baiskeli yako mafuta, anaufuta, anaurudisha.

Mama naye siku hizi kageuka. Wanawake wanakuja kwa kunong'ona, eti ni kweli ukitolewa kizazi mkojo haukai? Yeye anawajibu kwa sauti ya sokoni, "Unakaa. Ukikohoa sana unachungulia kidogo. Nesi kanifundisha kubana na kuachia. Hata sasa hivi nabana, umenijua?" Na amemwekea mgeni kikombe cha maji, anamsimamia mpaka anywe.

Maneno yako yalipofika, alikuwa nyuma ya mlango kama kawaida. Akatoka. Akaniambia, "Andika. Andika mpira, andika mfuko, andika mkojo. Usiandike tumbo. Na usiibandike, nimechoka na vitu vya kufunikwa."

Nikamuuliza, na akirudi, utatoka kumsalimia uso kwa uso?

"Nani kasema? Heshima ni heshima. Apige kengele kwenye kichuguu kama zamani, na mimi nitakimbilia ndani kama zamani." Akachambua mchicha kidogo. "Nimekosa mtu wa kunikimbiza."

Basi, shemeji, mimi najua utakuja. Sina wasiwasi hata kidogo. Mtu aliyeshusha kiti siku ile hawezi kukaa huko anachekecha mchanga wakati kiti chake kiko chini. Njoo ukipandishe, mimi nimeshazoea, nitapitisha mguu chini ya mtalimbo. Lori linageuza Makanyagio, pale mjini, na kurudi huko kila wiki, hukosi nafasi.

Ila kabla hujafunga mzigo, kaa kwenye jiwe ujibu hili moja, na umjibu Leonida siyo mimi. Ungekuwa wewe ndiye mama, mpira uko katikati ya miguu, tumbo linataka kupasuka, na anayekuja mbio kukuokoa ni yule mmoja ambaye unamheshimu mpaka humtazami usoni. Wewe ungepanda?

Ni mimi muramu wako,
mwenye miguu mifupi.