Mlio wa Kila Alhamisi

Alhamisi, 5 Juni 2014

Gari limeanza kuzungumza. Nikikata kona kulia — tak-tak-tak-tak! Nikinyoosha, linaguna. Miaka ishirini na nane linanibeba kimya, leo ndiyo limepata la kusema.

Nimepita kwa Trev wa pampu ya mafuta. Hakuinuka hata kitini. Difu hiyo, gia za ekseli, akasema. Kwa Trev kila kitu ni difu. Mkewe alipomkimbia, nadhani alisema ni difu.

Baba kanikuta chini ya gari, akataka nimwigizie mlio. Basi nikasimama uani, mwanamke wa miaka hamsini na sita, nikifanya tak-tak-tak mbele ya mbwa. "Haraka zaidi au polepole?" Haraka zaidi, Baba. "Ukikanyaga mafuta au ukiachia?" Akafumba macho, akasikiliza. Miaka arobaini alikuwa fundi wa wilaya nzima. Watu walimpigia simu na kumsikilizisha injini. Sasa ana themanini na mbili, na daktari amemkataza kuendesha mpaka apimwe upya. Amenuna tangu Pasaka.

Jumamosi, 7 Juni

Asubuhi nimezunguka kwenye uwanja wa maonyesho — mara kumi kulia, mara kumi kushoto. Glenys, jirani yangu, kakaa kwenye ndoo akiniandikia matokeo. Kulia kelele, kushoto kimya. "Liuze, shoga," akasema. "Kabla halijakuua."

Nikamwaga oili ya difu ya mbele. Safi, hata chembe ya chuma hamna. Trev na difu yake waende zao!

Mchana nimevuka mto kutafuta kuni. Mto wenyewe mchanga mtupu, kwa hiyo lazima ushuke, ufunge vifungio vya magurudumu ya mbele. Kila gurudumu lina chake, katikati. Unakizungusha kwa mkono, na gurudumu nalo linavuta. Ukirudi barabarani unavifungua. Cha kulia kimezunguka vizuri. Cha kushoto hakikusogea. Vumbi, nikadhani, nikakipiga teke, nikaingia mtoni. Kurudi nikavifungua vyote.

Njia nzima — kimya!

Jumapili, 8 Juni

Kimya bado. Nimemwambia Baba gari limepona. Badala ya kufurahi, kakunja uso. "Mlio hauponi wenyewe, Noelene. Si mafua."

Alhamisi, 12 Juni

Umerudi! Getini tu, tak-tak-tak. Na jana sikuligusa gari kabisa. Jumatano ni siku yetu ya kubingirisha matufe klabuni, tunakwenda na gari la Glenys. Limeshinda bandani siku nzima, limeamka linaumwa.

Baba ana furaha isiyo na haya. "Nilikwambia!" Amekula mayai matatu. Tumekagua krosi za propela, zile jointi za mhimili wa chini, moja moja, yeye akinitukana kwa jinsi ninavyoshika spana. Zote nzima.

Jumamosi, 14 Juni

Kuni. Nimevuka mto, nimerudi, mlio umekoma tena. Sielewi kitu. Nakunywa bia.

Jumatano, 18 Juni

Uwanja wa matufe umeloa, tumerudi saa tano. Bandani — hakuna gari!

Nilikuwa karibu kupiga simu polisi. Kisha nikasikia linakuja kutoka upande wa mto, mwendo wa maziko. Nikajificha nyuma ya tangi la maji, nyumbani kwangu mwenyewe. Baba ndiye dereva. Kichwa nje ya dirisha, kiganja nyuma ya sikio. Mbwa kakaa pembeni kwenye kiti cha abiria.

Kaliegesha palepale lilipokuwa. Kashuka, kafungua kifungio cha kulia. Kapita mbele ya gari aende kushoto, na hapo mbwa akamrukia. Akamkuna masikio. "Bado sijaupata," akamwambia mbwa. "Lakini nitaupata. Noelene hawezi kuharibikiwa na gari njiani peke yake, na mimi nipo." Wakaingia jikoni wote wawili.

Nimekwenda kukigusa cha kushoto. Kimefungwa.

Basi ndiyo hiyo. Jointi ya ekseli kwenye gurudumu la mbele la kushoto imechoka: kifungio kikifungwa inazunguka na kupiga kelele, kikifunguliwa inalala. Jumatano ya kwanza labda alitaka tu kuendesha; tangu hapo anakwenda kuusaka mlio wangu, na kila Jumatano anasahau upande mmoja na kuniachia mlio mwingine. Nimecheka mpaka nikashika tangi. Kisha nimelia, kisha nimekasirika kwa kulia.

Nimekifungua. Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 19 Juni

Daktari anataka fomu ya kumpima Baba upya kabla ya Jumatatu, ijazwe na ndugu anayeishi na mgonjwa. Swali la saba: bado anafanya kazi alizozizoea bila kukumbushwa? Nimeweka alama kwenye Ndiyo. Kifungio kimoja tu! Mimi mwezi huu nimeunguza birika mara mbili. Na kwa mwendo ule akigonga kangaruu, kangaruu ndiye ataomba radhi.

Nimemwambia leo hakuna mlio. Akaniangalia sana. "Unanihurumia?" Nani akuhurumie, mkorofi wewe! Akacheka. Akasema sababu ameshaijua: beringi ya kulia. Jumamosi tunafungua gurudumu.

Beringi ya kulia haina kasoro. Lakini kuna ubaya gani? Kazi hiyo ameifanya mara elfu, sigara mdomoni.

Ijumaa, 20 Juni

Nimeposti fomu. Basi.

Jumamosi, 21 Juni

Asubuhi nzuri kuliko zote za mwaka huu. Nimepiga jeki, Baba kakaa kwenye debe, kila anachotoa anakilaza kwenye gazeti kwa mstari. Mikono inakwenda yenyewe. Glenys kaja na keki, akamtania Baba: "Athol, utamaliza kabla ya Krismasi?" — "Nitamaliza kabla hujamaliza umbea wako!" Beringi imeoshwa, imekaguliwa. Nzima, bila shaka. Akasema afadhali kujua.

Sasa saa nane. Ni wakati wa kurudisha.

Ameshika nati kubwa. Ameirudisha kwenye gazeti. Ameshika washa, ile pete bapa ya chuma, akaigeuza, akaiweka. Akashika nati tena. Glenys ameweka keki chini. Kisha akasema ana nguo kwenye kamba, akaondoka. Mimi nimechukua daftari hili nijifanye nina shughuli.

"Noelene." Naam, Baba. "Hii ndiyo ya kwanza, au inafuata?"

Alinifundisha mpangilio huu nikiwa na miaka tisa. Nimemjibu kwamba nami nimesahau, tubahatishe pamoja.

"Wewe hujasahau," amesema. Polepole, bila hasira. Ameninyooshea ile nati. Bado ameinyoosha. Naandika ili nisiuangalie mkono wake, na yeye hauteremshi.