Kitambaa cha Kompyuta na Jicho la Diriye

Mtaa wa Galbet,
Garissa.
20 Julai 2025.

Mpendwa kaka Mutiso,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye joto hili unalolijua. U mzima huko Doha? Lile goti linalokusumbua ukipanda ngazi za kazini limetulia? Shemeji Kananu na watoto hawajambo? Sisi tunapumua. Siwezi kuandika kwamba tu wazima, maana wiki mbili hizi hatukuwa wazima hata kidogo. Simu yangu ilikanyagwa ikawa unga, ndiyo maana nimeshika kalamu, na barua hii nampa jirani anayesafiri kuja huko.

Nianze na wewe. Ile kompyuta uliyotutumia tuliifungulia chumba cha gemu pale mbele ya nyumba, tukaiunganisha na TV kubwa ukutani. Uliapa kwamba itacheza kila kitu. Itacheza nini? Ile ni kompyuta ya karani, kaka! Haina kadi ya picha ya kwake, inaombaomba kumbukumbu ya mashine kama jirani anayeomba chumvi kila jioni. Mechi ikianza, wachezaji wanakimbia vizuri dakika chache, kisha wanaanza kurukaruka, picha inakwama, mpira unapotea na kuibukia golini. Vijana walivumilia kwa matusi. Ndugu yetu Brayo akawa anaipiga makofi ubavuni eti izinduke.

Jumamosi ya tarehe tano tulikuwa na fainali ya mashindano, na beberu wa zawadi amefungwa mlangoni. Brayo hakutosheka kuwa mwenye chumba, akaingia kucheza mwenyewe. Nilimkataza, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Akafika fainali na Diriye, mtoto wa Mama Batula jirani yetu. Dakika ya mwisho, wakiwa sare ya bao moja kwa moja, Diriye akabaki peke yake na kipa. Picha ikakwama. Ilipozinduka, mpira ulikuwa kwa Brayo, na Brayo akafunga.

Diriye alimtandika padi ya kuchezea mdomoni, jino likatoka. Brayo akamtwanga kichwa. Viti vikaanza kuruka. Mtu alinibamiza ukutani, nikaisikia simu yangu ikipondwa chini ya viatu na sikujali, maana nilikuwa nimemshika Brayo shati kwa nyuma nikimpigia kelele amwachilie. Shati likachanika mikononi mwangu. Akanyakua chupa ya chai, ile kubwa ya chuma, imejaa chai ya maziwa ya ngamia iliyotoka jikoni saa hiyo hiyo, akampiga nayo Diriye usoni. Kipigo cha pili, kioo cha ndani kikapasuka.

Diriye alilia, Mutiso! Alilia akimwita mamake, na Mama Batula akaja mbio bila viatu. Alipouondoa mkono wa mwanawe usoni, damu na chai vilikuwa vinatiririka pamoja. Walimkimbiza hospitali, baadaye Nairobi, jicho la kushoto likafungwa bandeji tukaambiwa tungoje.

Guleid, kaka yake, aliacha ng'ombe Kotile akaja na panga. Alisimama langoni kwetu akinguruma: "Warya Brayo, toka! Mashine yenu ya uwongo imeiba jicho ya ndugu yangu. Walahi mimi nachukua yako!" Siku tatu mawe yalinyesha juu ya mabati. Brayo, mtu mzima mwenye ndevu, alijificha chini ya kitanda changu, na nilimchukia huku nikimpelekea chakula.

Wazee wa Kisomali wakakutana na wazee wetu wa bara. Swali lao lilikuwa moja tu: je, Brayo aliifanyia mashine ujanja ili ikwame zamu ya Diriye? Kama ni ugonjwa wa mashine, vijana wamegombana na yataisha kwa maslaha, yaani suluhu ya wazee. Kama ni ujanja, wao wananawa mikono, na Guleid tunamjua. Wakamleta fundi kutoka Tarbaj, Hamse, asiye ndugu wa mtu yeyote hapa.

Alasiri ya juzi walijaa chumbani, Guleid na panga lake magotini, Diriye aliyerudishwa kutoka Nairobi na bandeji yake. Hamse alicheza kwa padi moja, kisha nyingine. Ikakwama kwa zote mbili. Akagusa ubavu wa mashine, akauondoa mkono haraka. "Hii ni kompyuta ama ni jiko?" Halafu akavuta kitambaa.

Kaka, unavijua vitambaa vyangu vya kufuma. Nimevisha redio, friji, hata mtungi wa gesi. Kompyuta nayo niliifumia chake cha maua, na kwa ajili ya vumbi nikatia nailoni ndani, nikaibana na lastiki nyuma, pale pale feni inapotolea joto. Hamse alisema mashine ikizidi moto hujipunguzia kasi isiungue. Ilikuwa dhaifu tangu mwanzo, na mimi nikaikaba roho.

Akaifungua, akapuliza vumbi, akaiinua juu ya matofali, akaongeza kipande cha pili cha kumbukumbu. Akapunguza ukubwa wa picha, akazima vivuli na mashabiki wa ndani ya gemu, akafunga programu zilizokuwa zikila nguvu kichinichini. Picha ikateleza kama maji.

Mzee mmoja akauliza ni nani aliyeivisha mashine kitambaa. Brayo, mdomo umevimba, akasema ni yeye. Mwongo! Hajui hata kushika sindano. Nikasimama nikasema ni mimi. Guleid akainuka na panga, nami nikafumba macho nikakuita jina. Mama Batula akamchapa mwanawe kofi lililosikika barabarani, akamwamuru akae. Akakaa. Wazee wakakata shauri kwamba hapakuwa na ujanja, na kisasi hakipo.

Nilidhani yameisha. Diriye akaomba padi, acheze tena na Brayo, tuone sasa. Alikaa upande wa kulia wa TV, karibu kabisa. Brayo akapiga mpira kuelekea kushoto, upande wa bandeji. Diriye alingoja. Mpira ulimpita, ukaingia golini mwake, na bado alikuwa anangoja, kidole kwenye kitufe.

"Imekwama tena?" akauliza.

Brayo aliweka padi chini, akampigia magoti akilia kwa sauti, na Diriye akawa anamuuliza analilia nini.

Mpigie Mama Batula simu, nakuomba. Ndiye aliyekuuguza surua mama akiwa Meru. Habari za kompyuta usimtajie, mpe pole tu, unyamaze umsikilize.

Msalimie sana shemeji Kananu, wabusu watoto, na mwambie binamu Martin kwamba namkumbuka. Mungu awalinde nyote, awaepushe na hasira, hasa ile inayoanza kwa mchezo.

Ni mimi dadako nikupendaye hata nikikugombeza,

Mwende.