Swichi ya Kwanza ya Baba

Mdogo wangu mpenzi,

Huku hatujambo. Mama anakohoa kidogo, na mlango wa jikoni bado unalia kama zamani. Hata hujaapishwa, majirani wameshaanza kuniita "dada wa rais". Nimewaambia waniache nishone nguo zangu.

Umeniomba ushauri wa umeme, mimi! Habari za mabwawa, gesi na jua watakueleza wataalamu. Mimi nakukumbusha tu marehemu Baba, alipokuwa fundi wa zamu kwenye kituo cha umeme. Mgao wa umeme ukianza, swichi ya kwanza aliyoizima ilikuwa ya mtaa wetu, na zahanati aliiacha ya mwisho. Mama alikuwa akifoka, "Mume gani huyu, anawatia wanawe gizani?" Naye akirudi anacheka tu, tunakaa wote nje, wewe umesinzia mapajani mwake. Natamani jioni zile. Hakuna jirani aliyewahi kumnung'unikia.

Juzi mafundi walikuja kumvutia Mama laini ya peke yake, isiyokatika, eti kwa heshima yako. Nguzo zingepita mbele ya zahanati ileile, ambako wiki iliyopita binti wa jirani alizalishwa kwa mwanga wa simu. Mtoto tunaye. Mama yake tumemzika.

Mama amewafukuza mafundi wako na nguzo zao. Anasema zahanati unaijua ilipo. Ulizaliwa pale wakati wa mgao, na taa zilikuwa zinawaka.

Ni mimi dada yako,
niliyekubeba mgongoni